Mashine Iliyobeba Jina la Baba Mkwe

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya kutunza mashine pepe, na nimekubali kwa sharti moja: msinikatize kwa kusema siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Najua. Siku hizi mnabonyeza mahali kwenye simu, mashine inazaliwa Ulaya, nanyi mnaendelea kula chipsi. Zetu zilizaliwa Singida mjini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la misumari na rangi, na chakula tulikula humo humo tukiwa tumezikodolea macho kama wakunga.

Kwa asiyejua, nieleze haraka. Kompyuta moja kubwa, yaani seva, inaweza kubebeshwa kompyuta kadhaa ndani yake. Hizo za ndani huwezi kuzishika, ila kila moja ina diski yake, kumbukumbu yake na kiburi chake. Ni kama mume mwenye wake wanne aliowapangia mitaa tofauti, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha huyo mume haumbuki. Niliifanya kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi ya Linux, bila picha wala kipanya, mpaka nikastaafu.

Tajiri wetu aliitwa Nizar. Familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake. Soko lilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu, wenzake walikimbilia mitumba na baiskeli, yeye akaleta kompyuta. Wakaja watu wenye mabasi yao binafsi, redio zao binafsi, mashine zao binafsi za kukamua alizeti, na wote walitaka kompyuta ila hawakutaka kuishi nayo. Nizar akanunua seva moja kuukuu, akamwambia kila mteja kwamba mashine yake ipo dukani, imetunzwa vizuri, haiguswi na mtu mwingine. Hakudanganya. Hakueleza tu kwamba zote zilikaa kwenye sanduku moja chini ya rafu ya rangi.

Nizar alipenda kupendwa. Mashine pepe lazima ipewe jina, naye akaamua kila mashine iitwe jina la mwenye mali, ili mteja akija aoneshwe jina lake linang'aa kwenye skrini. Mwenye mabasi alipoona la kwake alipiga makofi. Mwenye kiwanda cha alizeti alimleta mke wake aje aone. Tatizo likaja kwa mwenye redio, kwa sababu mwenye redio alikuwa baba mkwe wangu.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaowaita wakwe zenu kwa majina ya utani. Nilikoolewa, kwa Wanyiramba wa Ulemo, mkamwana hataji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake, halitaji akiwa hayupo, na hata mtu mwingine mwenye jina hilo hilo unamwita kwa kuzungukazunguka. Mpaka leo nimezeeka na sijaliandika humu, kwa hiyo msilitafute. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mkimya nyumbani na msemaji hewani. Redio yake ndogo ilikuwa na kipindi chake cha ufugaji wa mbuzi, ambacho nadhani mbuzi wenyewe walikichoka.

Nikajifariji kwamba kuandika siyo kutaja. Nikamuuliza wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke mwenye jibu la kila kitu. Akaniuliza, "Ukiandika, mtu mwingine akisoma, atasikia nini kichwani?" Nikasema atasikia jina. "Basi umelitaja. Umetumia tu mdomo wa mwenzako." Nikarudi kazini nimenuna.

Hata hivyo pengine ningemdanganya wifi na kuliandika kimyakimya, kama siyo Mzee Chilewa. Huyu alikuwa Mgogo wa Manyoni, aliyefanya kazi ya ishara za reli mpaka shirika lilipopunguza watu. Nizar alimwajiri atunze jenereta na betri, naye akaja na sheria ya reli mfukoni. Kule, alisema, mtu hagusi mtambo kabla hajaitamka amri kwa sauti na mwenzake hajairudia. Nizar aliipenda mno sheria hiyo, maana ilifanya chumba kisikike kama mahali pa kazi kubwa. Tangu hapo, kila amri ikawa inasomwa kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter, na Mzee Chilewa, akiwa kwenye kiti chake karibu na betri, anaijibu.

"Zima seva," nasema mimi.

"Zima seva, nimesikia," anasema yeye. Hapo ndipo nabonyeza.

Mkicheka chekeni, lakini sheria ile ilituokoa mara nyingi. Makosa makubwa katika kazi hii hayatokani na kutojua. Yanatokana na vidole kutangulia. Unafungua madirisha mawili, moja liko kwenye seva, jingine ndani ya mashine ya mteja, unaandika amri ya kuzima kwenye dirisha ulilodhani ni jingine. Mdomo ni mzito kuliko kidole, ukiutanguliza unapata nafasi ya kujishtukia. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma mwanzo wa mstari uone uko wapi, kisha soma amri. Majirani wakidhani umerukwa na akili, ndiyo bei ya ufundi.

Ila mnaona nilipobanwa. Nikiliandika jina la baba mkwe, lazima nilitamke. Nikilitamka, Mzee Chilewa analipaza tena, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na treni, na dukani mbele kuna wateja wa Ulemo wananunua mabati.

Nikapata mwanya. Ukiandika virsh list, unaletewa orodha ya mashine zilizo hai. Kulia kuna jina, kushoto kuna namba. Na programu ile haijali, umpe jina au umpe namba, anayeitwa ni yule yule. Redio ilikuwa namba mbili, mabasi namba tatu. Nikaacha majina kabisa. "Zima mbili." "Zima mbili, nimesikia." Heshima ikabaki, kazi ikaenda, na Nizar akaona ni ufupisho wa kitaalamu, naye akaanza kuutumia. Hakuniuliza sababu wala sikumpa.

Kitu kimoja nilikijua, na nilimwambia, ingawa alikuwa anaongea na simu: ile namba siyo ya kudumu. Mashine inapewa namba inapoamka, kwa zamu, kama foleni ya zahanati. Ikizimwa na kuwashwa inapata nyingine. Mimi kila mara nilitazama orodha kwanza. Nizar alikariri.

Kabla sijafika kwenye msiba wenyewe, niseme neno kuhusu maneno mawili. Ukiiambia mashine shutdown, unaiomba ijifunge yenyewe, ifunge mafaili, ifute meza, ilale. Ukiiambia destroy, unang'oa waya ukutani. Vijana wengi huogopa hilo neno la pili wakidhani linafuta mashine. Halifuti. Lakini ukimng'oa mtu chakula mdomoni, usishangae akipaliwa. Tumia la kwanza, ngoja, kunywa maji, jaribu tena. La pili liwe la mwisho.

Na makontena yenu, yale yanayobeba programu badala ya mashine nzima, nayo ni hayo hayo, msinidanganye. Nimeyatumia miaka yangu ya mwisho kazini. Ni mepesi, yanawaka kama kiberiti, nanyi mnayaacha bila majina mpaka programu yenyewe inayabandika majina ya ajabu ambayo hata mlevi hampi mbwa wake. Siku mkitafuta lililoharibika kati ya hayo, mtanikumbuka. Kipe kitu jina kinachomaanisha kitu.

Haya, kuku.

Mwenye mabasi alifurahishwa na kazi yetu akatuletea jogoo, wa Singida kweli kweli, miguu kama ya mwanariadha. Nizar akamfunga chini ya meza ya seva kwa kuwa ndipo palipokuwa na ubaridi, amchukue jioni. Asubuhi ile ile jogoo akafungua kamba, akaruka, akakanyaga swichi ya soketi ya kurefushia waya, na chumba kizima kikazima. Betri zilikuwa salama, jenereta ilikuwa salama, na Mzee Chilewa aliyekuwa amejipanga kwa kila aina ya adui hakuwahi kumfikiria kuku. Tukawasha seva. Mashine zote zikaamka zenyewe bila jeraha, ila kwa mpangilio wao. Redio ikawa tatu. Mabasi yakawa moja.

Mjue siku hiyo redio ilikuwa na nini. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa na kipindi cha asubuhi cha mapishi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nasema mapishi, lakini robo tatu ilikuwa kugombeza watu. Alianza na mlenda, akaishia kwa wanaume wanaouza chakula cha ghala kabla ya masika. Watu walimpenda kupita kiasi. Alipozikwa, redio iliendelea kurudia vipindi vyake kila siku, na wanawake jikoni walimjibu kana kwamba yupo. Nami nilimpenda. Alinipokea vizuri nilipokwenda kwao nikiwa sijui hata kupepeta uwele, na hakunisema kwa mtu. Vipindi vile vyote vilikuwa kwenye diski moja ya studio iliyokuwa imeanza kugonga kwa ndani, na diski ikianza kugonga haina muda. Kwa hiyo siku ile nilikuwa navihamishia kwenye mashine pepe ya redio, ile iliyokuwa inapeleka vipindi hewani, ndipo nivitolee nakala nyingine ya akiba. Nilipomaliza kushughulika na jogoo nikaendeleza kazi ya kuhamisha, nikatoka kwenda kununua chakula. Nilipokuwa njiani ile diski ya zamani ikamaliza kukabidhi mzigo wake, ikafa. Ikawa kila alichowahi kusema mama mkwe kiko sehemu moja tu.

Mashine ya mabasi ikakwama. Mwenye mabasi akapiga simu anafoka. Nizar, badala ya kunisubiri, akakaa kwenye kiti changu.

"Destroy tatu," akasoma, kwa mujibu wa sheria.

"Destroy tatu, nimesikia," akajibu Mzee Chilewa.

Akabonyeza. Sheria ilifuatwa neno kwa neno, kilichokosekana ni jina la anayeng'olewa.

Niliporudi na wali wangu, redio ndogo tuliyoiweka juu ya rafu, ambayo ilikuwa inarusha kipindi cha mama mkwe, ilikuwa kimya. Mzee Chilewa aliniambia mama alikatika katikati ya sentensi, akiwaonya watu wa njia panda ya Mkiwa wasiwauzie wasafiri mahindi ya kuchoma yaliyolala. Nikatazama orodha. Tatu haikuwepo. Nikaandika amri ya kuwasha tatu, nikajibiwa kwamba hakuna mashine kama hiyo. Na hiyo ni kweli ya kiufundi, ishikeni: namba ni ya mashine iliyo hai tu. Iliyozimika haina namba. Imebaki na jina lake peke yake.

Nizar alikuwa amepauka. "Mama Neema, niandike mimi hilo jina," akasema.

"Ukiigusa kibodi hiyo nitakufungia na jogoo," nikamwambia, na yeye ndiye aliyenilipa mshahara.

Wajuzi kati yenu mnapiga kelele kwamba kuna njia nyingine, kuna ile namba ndefu ya kudumu ambayo kila mashine huzaliwa nayo, herufi na tarakimu zimeshonana kama utumbo. Ndiyo. Nilishaifukua kwenye mafaili ya usanidi, yaani ya mipangilio ya mashine, nilikuwa naikagua herufi kwa herufi baba mkwe alipoingia. Alifika upesi na baiskeli yake, kwa sababu studio ilikuwa mtaa wa pili. Nikasimama, nikasogea pembeni, nikainamisha uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Neema. Redio imekufa?"

"Imezimika, baba."

"Na mama yenu yumo humo?"

"Yumo. Kule studio diski imeshakufa, kwa hiyo yumo humu tu. Ilikatwa ghafla, pengine kabla hajamaliza kuandikwa. Sijui kama atatoka mzima."

Sikuwa nimepanga kumwambia hivyo, likanitoka. Alikaa juu ya ndoo ya rangi akaitazama skrini. Nilitaka aondoke. Niliogopa iwake mbele yake ikiwa tupu.

"Huo mstari mrefu ni wa nini?"

"Ni njia ya kuiwasha bila kukutaja, baba."

Akausogelea, akasoma zile herufi za mwanzo polepole, kimwalimu. "Kwa hiyo huyu ndiye mimi."

"Ni mashine, baba."

"Huyu mtu wenu," akamwonesha Nizar kwa kidevu, "aliponiambia mashine itaitwa kwa jina langu, watoto walisema nina majivuno. Nikawaacha waseme. Mama yangu alikuwa akiniita kwa jina hilo. Na vijana niliochunga nao Ulemo. Wote wameshatangulia. Mwenzangu hakuniita hata siku moja, ndivyo alivyofunzwa. Shuleni mwalimu, nyumbani baba, mjini mzee. Nikasema, angalau pale dukani kuna mtu analiandika kila siku."

Chumba kilikuwa na joto, nakumbuka, na jogoo alikuwa anaparua boksi.

"Sijawahi kuliandika, baba," nikasema. "Nilikuwa naandika mbili."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alitikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayesahihisha hesabu na kukuta kosa ni lake.

"Basi liandike leo. Na ulisome, kama mnavyosomaga humu ndani."

Nikaufuta mstari mrefu. Nikaandika virsh start, nikaliandika jina la baba mkwe wangu kwa herufi ndogo, na vidole havikunyauka. Nikalisoma. Lilitoka dogo, nikalisoma tena vizuri zaidi. Mzee Chilewa, aliyekuwa wa rika lake na asiye na deni la heshima kwake, akalirudia kwa sauti yake ya stesheni, jina tupu, bila mzee wala mwalimu mbele yake.

"Naam," akaitika baba mkwe.

Nikabonyeza.

Mashine ilisimama nusu njia, ikakataa kuendelea mpaka diski yake ikaguliwe. Kuna chombo kinaitwa fsck, kinapita diskini kikiokota kilichotawanyika. Mkikitumia msikikatize, na msifanye kwenye diski ambayo mashine inaitumia. Nilitoa kwanza nakala ya diski nzima kama ilivyo, maana mgonjwa humpasui bila kujua utarudi wapi ukikosea, kisha nikakiachia kazi. Kilipomaliza, mafaili yalikuwepo, karibu yote, lakini yalikuwa yamerundikwa kwenye folda moja ya waliopotea, na yamepoteza majina. Kila faili limeandikwa namba. Hakuna ajuaye lipi mbuzi, lipi mlenda, mpaka alifungue na kulisikiliza.

Nizar alipendekeza tuyaache na namba zake. Nilimtazama tu, akaenda kuuza misumari.

Baba mkwe akawa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Anaegemeza baiskeli, anakaa kwenye ndoo yake ya rangi, tunasikiliza. La kwanza kufunguka lilikuwa kuhusu kuhara kwa mbuzi, na alitaka tulisikilize mpaka mwisho. La pili mbuzi. La tatu matangazo ya mnada. Mimi naanza kukata tamaa, yeye anarekebisha nukta alizokosea hewani miaka mitatu iliyopita. Kisha nikafungua jingine, na mama mkwe akaanza kuwagombeza watu wanaoosha mlenda mpaka unaisha utelezi. Mzee Chilewa akavua kofia. Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Lilipokwisha nikafuta uso nikashika kibodi.

"Hili tuliandike nani, baba? Niandike Mama?"

Akalitaja jina la mke wake. Lile la kwao, alilozaliwa nalo, ambalo katika miaka yote niliyokaa katika nyumba ile sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Akalitaja tena, akidhani sikusikia. Nilikuwa nimelisikia vizuri. Nikajifanya naandika taratibu, nikamwacha alirudie.